Maji ya Mwaka 1923

Kaskazini mwa jimbo la Wisconsin, nchini Marekani, katika wilaya ya Sawyer, kuna maji mapana yaliyojaa visiwa, misonobari na ndege wa majini. Wageni huyaita ziwa. Watu wa huko wana neno lao la Kiingereza, lenye maana ya maji yaliyozuiwa yakatapakaa, na ramani zao zimeandikwa Chippewa Flowage. Neno hilo ni kweli kuliko neno ziwa. Ziwa la kawaida halina mwaka wa kuzaliwa unaojulikana na binadamu, lakini maji haya yanao: yalianza kupanda mwaka 1923, baada ya ukuta wa bwawa kujengwa karibu na mji mdogo wa Winter. Leo yameenea eka 15,300 hivi, nayo ni miongoni mwa maziwa makubwa kabisa ya jimbo hilo. Chini yake yamelala maziwa kumi na moja ya asili, vijito, konde za mpunga wa mwitu, na kijiji kizima pamoja na makaburi yake.

Nataka kueleza habari za kijiji hicho, kwa sababu katika miaka niliyoishi jimbo hili nimewasikia watu wengi wakisimulia samaki wa maji hayo, na wachache mno wakisimulia kilichoko chini ya samaki.

Kwanza majina, maana hapo pana mchanganyiko. Magharibi ya bwawa liko ziwa la asili ambalo Wafaransa, walipofika kununua ngozi, waliliita Lac Courte Oreilles, yaani Ziwa la Masikio Mafupi. Husemwa kwamba watu waliowakuta hapo hawakuvuta ndewe zao kwa mapambo mazito kama walivyofanya wengine, basi masikio yao yakaonekana mafupi. Watu wa sasa hulitamka jina hilo La Kuderei, na Mfaransa akilisikia huenda asilitambue. Wenyewe Waojibwe huliita Odaawaa-zaaga'igan, Ziwa la Waodawa. Na hao Waojibwe ndio hao hao Wachippewa wa vitabu vya serikali; ni neno moja lililopita katika ndimi mbili. Sisi tuliosoma shule za Afrika Mashariki tulifundishwa kuwaita watu wote wa bara lile Wahindi Wekundu, kana kwamba si kosa la baharia aliyedhani amefika Bara Hindi. Mimi nitawaita kwa jina lao.

Waojibwe walifika Lac Courte Oreilles kutoka pwani ya Ziwa Superior katikati ya karne ya 18. Wakati ule nchi ile ilikuwa mikononi mwa Wadakota, nao walikuwa maadui, hivyo mtu alikwenda kuwinda na kurudi upesi. Masimulizi ya kabila yanasema walikuja ndugu watatu wa ukoo wa Dubu pamoja na jamaa zao kuwinda wakati wa baridi. Mtoto wa mmoja wao akafa. Wakamzika kando ya ziwa. Majira ya baridi yalipokwisha na watu kufunga mizigo ya kurudi Superior, wazazi wa mtoto walishindwa kuondoka. Wakakaa karibu na kaburi lile kiangazi kizima, katika nchi ya adui, na jamaa zao wakakaa nao. Hivyo ndivyo kijiji kilivyoanza.

Naomba msomaji ashike habari hiyo. Miji mingi ninayoijua ilianzishwa kwa ajili ya kisima, bandari, soko au ngome. Jamii hii ilianzishwa na kaburi la mtoto. Atakayesoma mbele jinsi kampuni ya umeme ilivyojadiliana na watu hawa juu ya kuhamisha makaburi, na akakumbuka mwanzo wao, ataelewa kwa nini mazungumzo yale hayangeweza kufika mwisho mwema.

Chakula chao kilikuwa nini? Walikuwa na samaki, kulungu, na sukari waliyoipika kwa utomvu wa miti ya mepo mwanzo wa masika. Lakini kilichowaweka pale ni manoomin, mpunga wa mwitu. Huu si mpunga wetu wa Kyela wala wa Mwea. Ni jani la majini linalojipanda lenyewe kila mwaka katika maji ya kina cha futi moja hadi tatu, yanayosogea polepole juu ya matope laini. Mwisho wa Agosti na Septemba watu wawili huingia katika mtumbwi. Mmoja husukuma kwa upondo, mwingine hukaa na vijiti viwili, kimoja cha kuinamisha masuke juu ya mtumbwi na kingine cha kuyapiga kidogo ili punje zilizoiva zidondoke. Zisizoiva hubaki kwenye shina kwa siku nyingine, na zinazoangukia majini ndizo mbegu za mwaka ujao. Halafu punje huanikwa, hukaangwa, hukanyagwa kwa miguu ndani ya shimo dogo hadi makapi yaachie, kisha hupepetwa. Mama yeyote wa kwetu aliyewahi kushika ungo angeitambua kazi hiyo kwa mbali. Katika masimulizi ya safari yao ndefu kutoka mashariki, Waojibwe waliambiwa waende hadi watakapokuta chakula kinachoota juu ya maji. Kwa hiyo mpunga huo kwao si kitoweo tu, ni alama kwamba wamefika.

Sasa mpunga huu una udhaifu mmoja mkubwa. Mwezi Juni majani yake hulala juu ya maji kama utepe, mizizi ikiwa bado haijashika vizuri. Maji yakipanda ghafla wakati huo, mmea hung'oka. Yakipanda na kushuka kila mwaka kwa amri ya mtu, mpunga hutoweka kabisa.

Serikali ya Marekani iliujua umuhimu wake. Mkataba wa mwaka 1837, ambao kwao Waojibwe waliachia eneo kubwa la misonobari, ulitaja waziwazi kwamba wataendelea kuwinda, kuvua na kuchuma mpunga wa mwitu katika nchi waliyoiachia. Mkataba wa pili ukafuata mwaka 1842. Lakini mwaka 1850 Rais Zachary Taylor akatoa amri Waojibwe wa Wisconsin wahamishwe, na maofisa, ili kuwavuta, wakahamishia malipo yao ya mwaka huko Sandy Lake, Minnesota. Watu walikwenda, wakasubiri fedha na chakula ambavyo havikufika kwa wakati, na vilipofika vilikuwa pungufu na vimeoza. Kipindi kile cha baridi walikufa watu wapatao 400, wengine pale pale na wengine njiani wakirudi. Mwaka 1852 mzee Kechewaishke wa La Pointe, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 90, alisafiri hadi Washington kumwona Rais Millard Fillmore, na amri ya kuhamishwa ikafutwa. Mkataba wa La Pointe wa mwaka 1854 ndio uliowapa watu wa Lac Courte Oreilles ardhi yao ya kudumu kuzunguka ziwa lile, eneo la kata tatu kwa hesabu ya wapimaji wa Kimarekani, yaani eka zipatazo 70,000.

Miaka iliyofuata ni ya shoka, nami nitaipita haraka. Misonobari mikubwa ya bonde la mto Chippewa ilikatwa, ikasukumwa mtoni kwa maelfu ya magogo, ikawa nyumba za miji ya tambarare. Hayward, mji mkuu wa wilaya, ni mtoto wa kinu cha mbao. Kulipokucha mwanzoni mwa karne ya 20 msitu ulikuwa umekwisha, wenye vinu wakahamia kwingine, na waliobaki walikuwa na visiki, mashamba mabovu na mto. Mto ule ukaanza kutazamwa kwa jicho jipya, jicho la umeme.

Kijiji cha Pahquahwong kilikuwa kando ya mto Chippewa, ndani ya ardhi ya kabila, mahali palipokuwa na kituo cha biashara. Kwa sababu hiyo Wazungu walikiita Post. Palikuwa na nyumba, bustani, kanisa, viwanja vya ngoma za asili, konde za mpunga karibu, na makaburi. Huko chini mtoni, kilomita nyingi kusini, kampuni iitwayo Wisconsin-Minnesota Light and Power ilitaka umeme wa maji. Tatizo lake lilikuwa lile la kila mwenye mitambo ya maji: masika mto hufurika maji yakapotea bure, na baadaye hupungua mitambo ikasinzia. Dawa yake ni ghala la maji huko juu, lijazwe wakati wa wingi na kufunguliwa wakati wa uhaba. Mahali pazuri pa kujenga ghala hilo, kwa mujibu wa wahandisi, ni chini kidogo ya pale matawi mawili ya mto Chippewa yanapokutana.

Jambo hili halisemwi vya kutosha. Bwawa la Winter lilipojengwa halikuzalisha umeme wowote. Hapakuwa na mtambo ndani yake. Lilikuwa kopo la kuhifadhia maji ya watu wengine. Taa ziliwaka mbali, na kijiji kilichozama hakikuwa hata na faida ya kumulikwa na kile kilichokizamisha.

Wana Lac Courte Oreilles waliombwa kukubali, wakakataa. Wakaombwa tena, wakakataa tena. Makaburi na mpunga ndivyo vilivyokuwa mbele katika hoja zao. Kwa miaka kadhaa kukataa kwao kuliizuia kampuni. Halafu mwaka 1920 Bunge la Marekani likapitisha sheria mpya ya nguvu za maji na kuunda tume ya shirikisho yenye uwezo wa kutoa leseni za mabwawa, hata katika ardhi ya makabila, ilimradi tume yenyewe iridhike kwamba bwawa halitavuruga lengo ambalo kwalo ardhi ile ilitengwa. Mwaka 1921 tume ikaridhika. Leseni ikatolewa kwa miaka 50.

Nimeifikiria sana ile ridhaa ya tume. Lengo la ardhi ile lilikuwa watu wakae, wavue, wachume mpunga, wazikane. Mtu mwenye akili timamu, aliyeko ofisini Washington, aliandika kwamba kuizamisha hakutavuruga lengo hilo. Sidhani aliandika kwa chuki. Nadhani alikuwa na ramani mbele yake, na katika ramani makaburi ni vijialama vidogo sana. Ni vema pia kukumbuka kwamba sheria iliyowapa wenyeji wote wa asili wa Marekani uraia wa nchi hiyo ilipitishwa mwaka 1924, yaani mwaka mmoja baada ya maji kupanda.

Kampuni ilitoa ahadi. Ingejenga nyumba mpya mahali pa juu. Ingehamisha makaburi. Ingepanda mpunga upya. Nyumba zikajengwa, na mahali hapo pakaitwa New Post, Post Mpya. Makaburi mengine yalihamishwa, lakini mengi hayakuhamishwa, na maji yakayakuta. Wazee wa kabila wamesimulia, na watoto wao wakarithi masimulizi hayo, jinsi mifupa ilivyotokea ufukweni mawimbi yalipomega kingo mpya. Mpunga nao haukurudi. Ungerudije, wakati kazi ya ghala ni kujaa na kupungua?

Maji yalifunika maelfu ya eka za ardhi ya kabila. Wale wazazi wa karne ya 18 walihatarisha maisha yao mbele ya Wadakota ili wasitengane na kaburi moja. Vitukuu vyao walitenganishwa na makaburi mengi bila risasi hata moja kulia.

Hapo historia ya maji haya inagawanyika njia mbili, na kwa muda mrefu wasafiri wa njia moja hawakuiona nyingine.

Njia ya kwanza ni ya wageni. Reli, na baadaye motokaa, zilileta watu wa Chicago, Milwaukee na Minneapolis waliotafuta hewa baridi. Nchi iliyokatwa msitu ikawa nchi ya mapumziko. Miti ikaota tena, nyumba ndogo za magogo zikajengwa ufukweni, kila moja na gati lake na boti yake. Maji mapya yaliyojaa visiki na mashina yakawa makazi bora ya samaki aitwaye muskellunge, mrefu, mwenye mdomo bapa na meno kama msumeno, ambaye wavuvi humtafuta kwa siku nyingi bila kumpata, nao husimulia habari zake kama watu wa kwetu wanavyosimulia simba. Mwaka 1949 ulikuwa mwaka wake mkuu. Mwezi Julai, Cal Johnson alimvua mmoja wa ratili 67 na aunsi 8 katika Lac Courte Oreilles. Tarehe 20 Oktoba, Louis Spray akamtoa mwingine katika Chippewa Flowage, ratili 69 na aunsi 11, kilo 31 na zaidi. Yupi ndiye bingwa wa dunia? Watu wa Hayward wanabishana hadi leo. Katika miaka ya 2000 chama kimoja cha wavuvi kilipima picha za zamani kwa hesabu za kisasa na kudai samaki wa Spray hakuwa na urefu ule uliotangazwa. Jumba la makumbusho ya uvuvi la Hayward likakataa dai hilo. Na chama cha kimataifa cha uvuvi wa michezo kinamtambua samaki wa Johnson. Samaki mwenyewe wa Spray, aliyekaushwa na kutundikwa, aliteketea kwa moto mwaka 1959, basi shahidi hayupo. Jumba hilo la makumbusho limejengwa kwa umbo la muskellunge mwenye urefu wa futi 143, na mgeni hupanda ngazi ndani ya tumbo lake hadi kusimama kinywani akautazama mji. Nimepanda. Ni kichekesho, lakini ni kichekesho kilichotengenezwa kwa mapenzi. Wapo pia waliokwenda kutazama nyumba ya Couderay ambayo kwa miaka mingi ilitembezwa kwa jina la Al Capone, jambazi wa Chicago. Hiyo sikuifuata.

Siwadharau watu wa njia hii. Nimekutana na familia zenye nyumba za wageni kwa vizazi vitatu, ambazo mababu zao hawakuzamisha mtu. Walikuta maji yako pale, wakanunua kipande cha ufuko na kufanya kazi ya kufua mashuka, kutengeneza injini na kusafisha samaki wa wenzao. Wanayapenda maji yale. Anayependa mahali ana haki fulani juu yake, hata kama si haki ya kwanza. Ugumu wa historia ya mahali hapa ni kwamba haina wezi wa kutosha kwa ukubwa wa kilichopotea.

Njia ya pili ni ya waliobaki New Post na katika vijiji vingine vya kabila, wakihesabu miaka. Leseni ya miaka 50 ilikuwa na mwisho wake, na mwisho huo ulikuwa 1971. Northern States Power, kampuni iliyokuwa imerithi bwawa, ilitaka leseni mpya. Safari hii watu hawakungoja barua ya Washington. Kiangazi cha mwaka 1971 wana Lac Courte Oreilles, pamoja na wenzao wa chama cha American Indian Movement kilichoanzishwa Minneapolis mwaka 1968, walikwenda wakalikalia bwawa la Winter kwa siku kadhaa. Waliokuwa watoto wakati maji yalipopanda mwaka 1923 walikuwa sasa wazee, na baadhi yao walikuwa hai kuyaona hayo.

Kukalia bwawa si kulivunja. Ukuta haukubomolewa, wala kijiji hakikuibuka. Lakini leseni haikupita kimyakimya kama ile ya kwanza. Mashauri yalichukua zaidi ya miaka kumi, na katika miaka ya 1980 yakamalizika kwa mapatano: kabila likarudishiwa sehemu ya ardhi, na likapata haki ya kuweka mitambo yake ya umeme katika bwawa lile lile. Likaiweka. Maji yaliyofunika makaburi yakaanza kuwalipa wajukuu wa waliozikwa. Nilipolisikia hili mara ya kwanza sikujua nifurahi au nifanyeje, na bado sijui. Kuna wanaosema ni ushindi, na kuna wanaosema ni pesa zenye baridi. Nadhani wote wanasema kweli, na wote wanahitaji umeme.

Tukio jingine lilitokea pale pale. Chief Lake ni moja ya yale maziwa kumi na moja yaliyomezwa. Leo ni ghuba tu ya maji makubwa, na mpaka wa ardhi ya kabila unapita humo. Machi 1974, ziwa likiwa bado na barafu, ndugu wawili wa kabila, Fred na Mike Tribble, walivuka mpaka huo wakavua kwa mkuki nje ya eneo lao. Mabwana nyama wa jimbo wakawakamata. Walikamatwa wakijua watakamatwa, maana walitaka kuiuliza mahakama swali moja: je, ule mkataba wa 1837 bado unaishi? Mwaka 1978 jaji wa kwanza akasema haki zile zilikwisha. Tarehe 25 Januari 1983, mahakama ya rufani iliyoko Chicago ikasema hazikwisha: Waojibwe hawakuziuza haki za kuvua, kuwinda na kuchuma walipouza ardhi.

Yaliyofuata hayapendezi. Waojibwe walipoanza kuvua kwa mikuki usiku wa masika katika maziwa ya kaskazini, kwa idadi iliyopimwa na kuhesabiwa samaki mmoja mmoja, makundi ya Wazungu yalijaa kwenye magati, hasa kati ya mwaka 1987 na 1991, wakapiga kelele, wakarusha mawe, wakabeba mabango yenye maneno ambayo sitayaandika katika kitabu hiki. Walidai samaki watakwisha. Samaki hawakwisha. Mwaka 1991 kesi ikafungwa, na pande zote mbili zikaamua kutokata rufaa zaidi.

Ninaposoma habari za magati yale, akili yangu hurudi kwenye ile ofisi ya mwaka 1921. Waliopiga kelele waliamini kwamba maziwa ni yao kwa sababu waliyakuta. Hakuna aliyewasimulia kwamba baadhi ya maji hayo yalikuwa nyumba za watu. Kutojua huko hakukuwa kosa lao peke yao. Vijitabu vya utalii vilieleza kina cha maji, aina za chambo na idadi ya visiwa, vikanyamaza juu ya Pahquahwong. Na kimya cha vitabu hakikai bure. Ipo siku hugeuka mawe mikononi mwa watu.

Mambo yamebadilika kiasi. Kabila lina redio yake, WOJB, tangu mwaka 1982, na mwaka huo huo likaanzisha chuo chake. Mwanzoni mwa karne hii ilifunguliwa shule iitwayo Waadookodaading ambamo watoto hufundishwa kwa Kiojibwe, hesabu na yote. Kila Julai hufanyika sikukuu kubwa ya ngoma iliyotokana na kukaliwa kwa bwawa. Visiwa vingi vya Chippewa Flowage sasa ni mali ya umma, na kabila, jimbo na idara ya misitu ya taifa wana mpango wa pamoja wa kuyatunza maji na kingo zake.

Lakini maji yenyewe hayajatulia. Mwaka ule yalipopanda yalifunika pia vinamasi, na udongo wa vinamasi ni mwepesi, umejaa majani yaliyooza na hewa. Vipande vyake viling'oka chini vikaibuka juu, nyasi zikaota, kisha vichaka, kisha miti. Hadi leo vinaelea, vingine vikubwa kama shamba, na upepo huvisukuma huku na huko. Kimojawapo husogea mara kwa mara hadi kuziba njia ya maji chini ya daraja. Ikitokea hivyo, watu wa ufukweni hukusanyika na boti zao, makumi kwa makumi, wakazipanga pua kwa pua dhidi ya kile kisiwa, wakawasha injini zote kwa pamoja, na kukisukuma taratibu, miti yake ikiwa imesimama juu yake, hadi daraja liwe wazi. Upepo ukigeuka, hurudi. Wenye boti husimulia kazi hiyo kwa kucheka, nami ningecheka pia, ila najua kile wanachokisukuma ni ardhi ya chini iliyokataa kubaki chini.

Nilimwuliza mama mmoja wa New Post, mtu mzima wa makamo, Post ya zamani ilikuwa wapi hasa. Hakuonyesha kwa kidole. Alipeleka midomo yake mbele kidogo, kama wafanyavyo watu wake, kuelekea maji yaliyo wazi kati ya visiwa viwili. Palikuwa na boti moja pale, wavuvi wawili wameketi kimya na fimbo zao. Akaniambia bibi yake hakuwahi kula samaki aliyevuliwa upande ule. Halafu akaniuliza kama kwetu nasi tunao mpunga, na unaivaje, na ni nani huupepeta.